Drili ya betri ya kazi ya kila siku: nichukue ipi kwa laki tano mpaka sita?

FundiKabati_Kimara

Wakuu habari za kazi. Mimi ni fundi makabati, ya jikoni na ya nguo, milango na vitasa nikipata nafunga pia. Niko Kimara ila kazi zinanipeleka mpaka Bunju na Kigamboni. Naomba ushauri kwa wale mnaoshika drili ya betri asubuhi mpaka jioni.

Miaka minne nimetumia drili ya waya na haijawahi kunisumbua, tatizo nyumba nyingi ninazofunga makabati umeme bado haujaingia au kuna soketi moja tu sebuleni, unavuta ekstensheni mpaka chumba cha mwisho huku fundi tailizi anaruka waya na ndoo ya maji mkononi, siku hiyo nzima roho iko juu. Ndio mwaka jana nikanunua drili ya betri Kariakoo, imekaa kwenye sanduku zuri, ubavuni imeandikwa 88V, betri mbili, biti na soketi rundo zima, muuzaji ananiambia bosi hii inatoboa mpaka nondo. Wiki mbili za kwanza nilifurahi kweli. Wiki ya tatu niko Goba natoboa matundu ya bawaba, yale ya milimita 35, kwenye milango ya mkongo, kufika mlango wa sita ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Nikaipumzisha, nikanywa chai, kurudi ikawa inazunguka vizuri hewani lakini nikiigusisha mbao tu inasimama. Betri ndio kabisa, zinaonyesha taa zote tatu, bonyeza triga kidogo inabaki moja. Milango 14 ilikuwa imebaki na mwenye nyumba anahamia Jumamosi. Nikaazima drili ya fundi mwenzangu, nikalala saitini siku mbili, kazi ikaisha.

Sasa nimejichanga nina laki tano, nikijibana sita. Nachukua ipi ambayo nitakaa nayo miaka? Na hizi V na Ah na Nm mnaziangaliaje, maana kila sanduku limeandikwa namba kubwa kuliko la pembeni yake.

Mzee wa Randa

Pole sana kijana wangu, hiyo ya kukwama na kazi ya mtu mkononi naijua inavyouma.

Nianze na hiyo 88V maana wengi wanapigwa hapo hapo. Drili ya hivyo ya 88V haipo. Chukua mita yako ya umeme, weka kwenye DC, chaji betri ijae halafu gusa vile vibati viwili vya pembeni, utasoma 20 au 21. Ndani mna seli za lithiamu tano zimefuatana, kila moja volti 3.6, mara tano ni 18. Zikitoka kwenye chaji kila moja inafika kama 4.1 au 4.2 ndio unaona 20 na kitu. Kwa hiyo hata inayoandikwa 18V na inayoandikwa 20V ni kitu kimoja, mmoja kaandika ya kazini mwingine kaandika ya kutoka chajini. Ila 48, 88, 98, 128 hizo ni namba za kupamba sanduku, hazipimwi na mita yoyote.

Ya pili ni Ah, yaani ujazo wa tangi. Dogo wangu alileta betri ya hivyo imekufa, nikafungua skrubu nne juu ya meza nione. Nje ni pana, mwili wa kukaa seli kumi, ndani nimekuta seli tano upande mmoja na upande wa pili plastiki tupu imewekwa ili zisichezecheze, na nje imeandikwa 6.0Ah. Seli kumi zenyewe tu zingekuwa na karibu nusu kilo kabla hujaweka plastiki maana seli moja ina gramu 45 hivi. Ndio maana mimi dukani naomba mizani. Betri inayosema 4.0 au 5.0 yenye seli za kawaida hizi nyembamba lazima ifike gramu 600 au iwe karibu hapo. Ukiiona ina 350 iache.

SaitiMbezi

Mzee umemaliza upande wa betri, mimi niongeze upande wa mashine.

Mkuu usinunue drili, nunua betri. Namaanisha chagua familia ya betri utakayokaa nayo, maana leo unataka drili, mwakani utataka impakti ya kukazia skrubu, kesho kutwa jigiso, sanda, msumeno wa duara, na zote hizo unazichukua mwili mtupu bila betri wala chaja, unachomeka ile ile uliyonayo. Makita betri yao ya 18V inaingia kwenye mashine zaidi ya mia mbili. Bosch ya bluu hivyo hivyo 18V yao, na uangalie iwe ya bluu maana ya kijani ni ya matumizi ya nyumbani na betri haziingiliani. DeWalt nayo ina yake. Upande wa Wachina INGCO na Total nao wana familia zao za 20V siku hizi, na spea zao hapa mjini zinapatikana.

Kwa kazi yako ya makabati hauhitaji mnyama. Mimi natumia Makita DHP482, ni 62Nm, mdomo wa milimita 13, inatumia kaboni, zile brashi za mota zinazokwisha. Bosch GSB 18V-50 ni 50Nm, haina kaboni, nayo mdomo 13. Zote mbili tundu la 35 kwenye mkongo inalitoa bila kulalamika kama uko gia namba 1. Na hapa nikuulize, ulivyokuwa unatoboa matundu ya bawaba kwenye ile yako uliweka gia gani? Watu wengi wanaweka 2 wakifikiri kasi ndio nguvu. Gia 2 ni ya biti nyembamba. Biti pana kama ya bawaba au ile ya duara ya kitasa unashuka gia 1, inazunguka polepole lakini inauma, na mota haipati joto.

Hiyo Nm ni nguvu ya kukaza, ila usome vizuri, makampuni makubwa yanaandika mbili, ya kukaza kwenye kitu kigumu na ya kukaza kwenye kitu laini, mfano hiyo 62 ya Makita ni ya kigumu, kwenye laini ni 36. Kwenye sanduku inatangazwa ile kubwa.

FundiKabati_Kimara

@SaitiMbezi umenigusa, ni kweli nilikuwa gia 2, na biti yenyewe ilikuwa imeshaanza kufa makali. Asante. Hapo kwenye kaboni na isiyo na kaboni, ile wanaita brashilesi, nichukue ipi? Muuzaji mmoja Gerezani ameniambia yenye kaboni ni za zamani nisiguse.

SaitiMbezi

Sio kweli kwamba usiguse. Isiyo na kaboni inakula betri kidogo kuliko yenye kaboni, inapoa vizuri, mwili wake mfupi, na hakuna kitu cha kubadilisha ndani. Kwa mtu anayeshinda na drili ndiyo nzuri. Lakini siku ile kadi yake ya ndani ikiungua, bei ya kadi inakaribia drili mpya, na fundi wa kuitengeneza sio kila kona. Yenye kaboni, kaboni zikiisha unaanza kuona cheche nyingi kwa nyuma na inakatakata, unanunua pea ya kaboni kwa hela ya chakula cha mchana, unabadilisha dakika kumi unaendelea. Yangu nimebadilisha mara mbili. Mtu wa mkoani mbali na spea mimi namwambia achukue ya kaboni bila kuona aibu. Wewe uko Dar, yoyote kati ya hizo mbili.

Dada Seremala Arusha

Habari zenu, nami nichangie maana naona mnaelekea kwenye majina makubwa tu na kaka ana laki tano.

Nina karakana ndogo, tuko wanne, tunafunga makabati na vitanda. Drili zetu tatu ni za Kichina za daraja la kati, sio hizo za 88V, ni zile zenye jina linaloeleweka, duka lina spea na walinipa kadi ya waranti yenye muhuri. Mwaka wa tatu huu zinafanya kazi. Kwa hela ya moja ya jina kubwa nimepata mbili na betri nne, na kwangu betri nne ndio zimeniokoa kuliko brandi, kwa sababu mbili ziko kwenye mashine mbili ziko kwenye chaji na hakuna kijana anayekaa kusubiri. Kaka, usihesabu drili moja, hesabu kazi inasimama mara ngapi kwa siku.

Ninachowakataza vijana wangu ni kukaza skrubu za kabati kwa alama ile ya biti, ya kutobolea. Ile ringi ya mbele yenye namba iko pale kwa kazi. MDF na chipubodi tunaweka 5 au 6, skrubu ikifika inasema trrr na kuacha. Ukiweka alama ya biti skrubu inazama, uzi unaliwa, na bawaba inalegea ndani ya miezi miwili mteja anakupigia simu. Mninga tunapanda mpaka 12 huko, na tunatoboa tundu dogo kwanza, hatusukumi skrubu kavu.

Na mkuu wa Mbezi, sio kila anayenunua Makita anapata Makita. Feki ni nyingi mno, rangi ile ile, herufi zile zile. Mtu mwenye laki tano akipata feki ya jina kubwa amepoteza kuliko aliyenunua ya kati ya kweli.

SaitiMbezi

Hilo la feki dada nakubaliana na wewe mia kwa mia. Kanuni yangu, bei ikiwa nusu ya maduka mengine hiyo sio ofa. Nenda kwa wakala mwenye risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa namba ya mashine, namba hiyo uilinganishe na iliyo kwenye kibati cha mwili kabla hujatoka mlangoni.

Kontena_la_Japani

Mnasahau mtumba. Mimi nachukua mashine za mtumba zinazokuja na magari na vyombo kutoka Japani, Makita halisi ambazo mtu kazitumia kidogo, nakaa nazo miaka. Ila kuna mtego mmoja umewaliza watu wengi sana na ningependa kila anayesoma hapa aushike. Japani umeme wao ni volti 100. Chaja iliyokuja na mashine imeandikwa AC100V chini, ukiichomeka kwenye soketi ya huku ya 230 inakufa papo hapo, moshi na kila kitu. Geuza chaja, soma kibati, kama haijaandikwa 220-240 usiichomeke. Ama nunua chaja ya huku ya betri hizo hizo, zinaingiliana, ama tafuta transfoma ya kushusha.

Majina pia yanatofautiana kidogo, inayoitwa huku DHP484 kule imeandikwa HP484D, msichanganyikiwe mkadhani ni feki.

Betri za mtumba sizinunui kabisa. Mwili nachukua, betri nanunua mpya. Lithiamu inazeeka hata ikikaa kabatini bila kazi, na ikiwa imekaa miaka miwili tupu chaja nzuri inaikataa, inawasha taa ya kosa tu.

FundiKabati_Kimara

Aisee nimejifunza leo kuliko mwaka mzima. Swali la mwisho, hizi zenye alama ya nyundo, nikifunga kabati za juu ukutani inabidi nitoboe tofali na wakati mwingine linta. Nikichukua yenye nyundo itanitosha au bado nibebe ya waya? Na zile betri mbili za zamani kuna kijana mtaani anasema ananiwekea seli za laptopu zinarudi kama mpya.

Alumini na Vioo

Mkuu hapa ni eneo langu, mimi nafunga madirisha ya alumini, kila siku niko na ukuta.

Nyundo ya drili ya betri ni vibati viwili vyenye meno vinavyokwaruzana ndani, ndio ule mlio. Inatetemesha, haipigi. Tofali la mchanga na lipu kwa fisha ya 6 au ya 8 inakwenda safi. Ukifika kwenye linta au nguzo, zege lenye kokoto, utasimama nayo dakika tano unasukuma kwa kifua, tundu limeingia nusu inchi, biti imekuwa nyekundu na betri imekwisha. Nimewaona vijana wanaua drili nzuri hivyo kisha wanalaumu kampuni. Zege linataka hama yenye biti za SDS, ile ndani ina pistoni inayopiga biti kwa hewa, wewe unashikilia tu. Hama ya betri ni hela nyingi. Ushauri wangu kwa bajeti yako, hama ya waya ya wati 800 hivi, hata ya daraja la kati, uiweke kwenye begi kwa ajili ya linta peke yake, matundu nane unamaliza kwa robo saa hata kama ni kwa jenereta la jirani. Drili ya betri ibaki kwenye mbao na skrubu na tofali. Nyundo chukua maana tofauti ya bei ni ndogo, lakini usiitegemee kwenye zege.

Hizo seli za laptopu achana nazo. Laptopu inanyonya umeme taratibu, seli zake zimetengenezwa kwa amperi nne tano. Drili ikibanwa kwenye mbao ngumu inavuta ishirini na kuendelea kwa mara moja. Zitapata moto, na kama kijana kachomea kwa risasi ya kawaida badala ya mashine ya kubandika vibati, joto la risasi lenyewe limeshaumiza seli. Kama unataka kufufua betri, waambie wakuwekee seli za mashine, mpya, zote tano za aina moja, na kadi ya ulinzi ibaki ile ile. Kwa betri ya hiyo 88V mimi nisingeweka hata mia.

Mzee wa Randa

Naongeza moja kwa wote. Betri msiiache kwenye gari juani. Mchana wa Dar ndani ya gari lililofungwa unaweza kupika yai. Na ikitoka kwenye kazi ikiwa ya moto iache ipoe kabla ya kuichaji. Chaja nzuri zina feni na zinasubiri zenyewe, hizi za bei rahisi zinasukuma umeme tu. Na usiikaushe mpaka inagoma, ukiona kasi inashuka badilisha.

Luku isiwatishe, betri ya 4.0 kuijaza haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja. Mwenye nyumba akikunyima soketi mwambie hivyo.

FundiKabati_Kimara

Wakuu nimerudi na majibu maana sio vizuri kuuliza halafu ukapotea.

Jumamosi nimezunguka Gerezani na Kariakoo toka saa tatu mpaka saa nane. Nilibeba mita, biti yangu mpya ya 35, na kipande cha mkongo cha mguu wa kitanda. Maduka mawili walikataa nijaribu, nikaondoka. La tatu mama mwenye duka akaniambia toboa mwanangu, akanipa na kiti. Nimejaribu mbili, ya daraja la kati na Bosch GSB 18V-50. Zote gia 1. Ile ya kati ilitoboa, sina la kuisema vibaya, ila tundu la tatu mwili ulishaanza kuwa na joto kiganjani. Bosch nilitoboa matundu matano mfululizo kwenye mkongo ule ule, vumbi linatoka jembamba kama unga, kiganja hakijahisi kitu. Betri nikapima na mita, 20.4, mama akacheka akasema wewe umefundishwa.

Nimechukua Bosch, betri mbili za 2.0, chaja 220-240, risiti ya EFD, waranti ina namba ya mashine. Imenitoka zaidi ya nilichopanga kidogo, hama ya waya nitaingoja mwezi ujao. Dada wa Arusha, la betri nimelishika, ya tatu ya 4.0 naongeza kabla ya hama. Leo nimefunga jikoni zima Salasala, milango 18, betri mbili zikipokezana, umeme haukuwepo, hata waya hapakuwa.

Dada Seremala Arusha

Hongera kaka! Ringi uliweka namba ngapi?

FundiKabati_Kimara

Niliweka 6 kwenye MDF. Skrubu ya kwanza nilishtuka ule mlio nikadhani nimeharibu, ya pili nikaelewa. Zote zimekaa usawa mmoja, nimepitisha kidole.

Alumini na Vioo

Mwezi ujao ukienda kuchukua hama niandikie, hakikisha ina swichi ya kuzima mzunguko ibaki inapiga tu, utaitumia kung'oa tailizi za zamani nyuma ya kabati.